Mlichokata Ndicho Kilichokuwa na Tarehe

Pumwani, Nairobi
9 Juni

Kwa Meneja,

MINT: KUHARIBIWA KWA PICHA YA KALE, RISITI NAMBARI 0417

Tarehe 20 Mei nilileta dukani kwenu picha ya babu yake mama: kijana wa kanzu na kizibao, mkono mmoja kwenye kiti. Niliagiza fremu na kioo, basi. Nililipa shilingi 4,500.

Juzi nimeichukua. Kioo safi, fremu nzuri, lakini ile kadi nene iliyobeba picha haipo. Mmekata kingo zote kwa wembe, mkachuna na mgongo wake, kisha mkaigandisha kwa gundi kwenye ubao mpya. Kijana wa kaunta akaniambia, "Ilikuwa chafu, mama, tumekusaidia."

Nakusanya picha hizi, na tarehe yake huitafuta kwenye kadi kabla ya kuutazama uso. Hii ilikuwa sentimita 10.8 kwa 16.5, saizi ya picha za kadi zilizoitwa kabineti, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka wa 1866. Saizi peke yake haitoshi, maana ilitumika miongo kadhaa. Ila chini ya viatu vya babu palikuwa na jina la studio ya Mombasa, na kwa herufi za dhahabu zilizofifia, "British East Africa". Nchi hii iliitwa hivyo kabla ya kugeuzwa Koloni ya Kenya mwaka wa 1920. Shangazi yangu hushikilia kwamba babu alipigwa picha akiwa tayari na nyumba hapa Pumwani, miaka ya ishirini. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yakimnyamazisha. Sasa nitamwonyesha nini?

Na la nyuma linaniuma zaidi. Kulikuwa na mistari miwili ya penseli kwa hati za Kiarabu, ambayo mwalimu wa madrasa alikuwa ameahidi kunisomea. Nakiri sikuupiga picha upande huo kwa simu. Hilo najilaumu mwenyewe. Kuukata sikuwatuma.

Nataka pesa zangu zote, na gharama ya mtaalamu wa kuitoa picha kwenye gundi. Ninyi msiiguse tena. Kabla ya hayo, pekueni gunia la mabaki la karakana leo hii, kabla taka hazijachukuliwa. Nitapita Jumamosi saa tatu asubuhi. Vipande hata vikiwa vimekunjamana, msivinyooshe, msivifute vumbi. Nipeni vilivyo.

Mteja wenu,
Mwenye risiti 0417