Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Kudhibiti Kamari: koini ya gemu ni pesa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Likoni. Mimi nina duka la gemu huku, si kubwa, tivii nne pleisteshen nne mabenchi mawili na feni moja, mechi ni shilingi 20, na hii kazi naifanya mwaka wa tisa sasa kwa hivyo usidhani anayekuandikia ni mtu anayechukia gemu. Nazipenda sana. Zimenilipia kodi ya nyumba na zimewatoa vijana wengi maskani ambako wangekuwa wanafanya mambo unayoyajua. Ninachokuandikia ni kamari iliyoingizwa ndani ya gemu za mtandaoni, zile mtoto anacheza kwa simu na watu mia wasiomjua, kamari isiyoitwa kamari manake haichezwi kwa shilingi, inachezwa kwa koini na almasi, yaani pesa za ndani ya gemu.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Likizo iliyopita kijana wa miaka 12 alikuwa amekaa kwenye benchi langu, hachezi pleisteshen, ameinamia simu ya mamake, kioo kimepasuka pembeni na kidole kina mafuta ya bhajia. Kwenye simu kuna boksi la bahati, lile unalolipia bila kujua lina nini ndani, linatetemeka. Anabonyeza, boksi linafunguka polepole, mwanga wa zambarau, halafu zinapita picha moja moja na ile bunduki ya dhahabu anayoitaka inapita kabisa, inasimama ya pili yake. "Yarabi, ilibakia kidogo!" Akabonyeza tena. Na haikubakia kidogo mheshimiwa, kompyuta ilikuwa ishaamua atapata nini kabla hizo picha hazijaanza kupita, zile taa na ile kukosa kwa nywele ni maonyesho tu ya kumfanya arudie.

Jioni mamake akaja. Anauza viazi karai na bhajia njia ya feri. Alinionyesha meseji za M-Pesa moja baada ya nyingine, 130, 130, 130, zilikuwa 28, jumla 3,640, pesa ya viazi na unga na mafuta ya wiki. Namba ya siri mtoto anaijua kwa sababu yeye ndiye anayemsomea mamake meseji, mama mwenyewe hakusoma. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa hizi koini zarudishwa wapi?" Sikuwa na jibu, nilimpa kiti tu akae.

Hili swali lake ndilo nakuletea wewe.

Maana wenye gemu wana jibu lao na wamelisema dunia nzima, kwamba koini si pesa, haitoki nje ya gemu, na kila boksi lina kitu ndani kwa hivyo hakuna anayepoteza. Uingereza hoja hii ilikubalika, sheria yao inataka zawadi iwe pesa au kitu chenye thamani ya pesa, na mwaka 2022 serikali yao ikaamua haitabadilisha sheria, ikawaachia kampuni zijirekebishe zenyewe. Ubelgiji walikataa. Mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema haya maboksi ya kulipia ni kamari, na mwaka uliofuata EA, kampuni inayotengeneza gemu ya mpira ya FIFA, ikaacha kuuza kule pointi za FIFA, zile za kununulia maboksi ndani ya gemu hiyo. Yaani gemu ile ile, mpira ule ule, ila boksi la bahati la kununua hakuna, na Wabelgiji wanacheza mpira wao hadi leo.

Halafu hiyo ya kwamba koini haitoki nje, njoo kwangu nikuonyeshe. Kijana anauza akaunti yake kwenye WhatsApp, yenye bunduki adimu inaenda bei juu, pesa inatumwa kwa simu namba ya siri inabadilishwa biashara imekwisha. Wengine wanaingia chumba kimoja kwenye gemu wanawekeana koini, wa kwanza kufa analipa. Pesa imeingia kwa M-Pesa na imetoka kwa M-Pesa, hapo katikati imevaa jina la almasi tu. Na hilo jina lina kazi yake, kwa sababu mtoto akiambiwa toa shilingi 500 atashtuka, lakini akiambiwa almasi 300 hajui ni ngapi, na tena zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya vitu, kitu ni 120 fungu ni 100, ununue mawili ubakiwe na 80 zinazokuwasha mpaka uongeze tena.

Kuhusu bahati yenyewe, China tangu 2017 imelazimisha kampuni ziandike nafasi ya kupata kila kitu, na zikiandikwa unakuta kitu adimu ni asilimia 1 au chini yake. Vijana wangu wanadhani asilimia 1 maanake ukifungua maboksi 100 lazima upate. Hapana. Nimewapigia hesabu kwa chaki ukutani, watu 100 wakifungua maboksi 100 kila mmoja, kama 37 wanatoka mikono mitupu. Walinyamaza. Mmoja akaniambia nimekosea hesabu, nadhani alikuwa anawaza zake.

Nimejiuliza pia kuhusu duka langu, sitaki kukunyooshea kidole wewe na mimi nina yangu. Zamani kwangu anayefungwa ndiye aliyelipia mechi. Wazee kwenye baraza wakicheza karata au dhumna anayeshindwa ananunua kahawa na hakuna anayeita hiyo kamari, lakini nilipoona mmoja wa form two amefungwa mara sita mfululizo na nauli ya nyumbani imeisha nikaiondoa, sasa kila mtu analipa nusu yake. Sikupoteza wateja. Gemu nzuri haihitaji kamari ndani yake ndo ichezwe. Wale wa Second Life, dunia nzima ya mtandaoni yenye sarafu yake inayobadilishwa kuwa dola, walipiga marufuku kasino na kubeti Julai 2007, watu walilalamika kweli, na hiyo dunia bado ipo.

Sisi hapa tulishalifanya hili mara moja. Unakumbuka zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizojaa kwenye maduka mitaani, watoto wa shule wanamaliza pesa ya chakula? Serikali ilizikamata ikazichoma moto hadharani. Sasa mashine ile ile imehamia mfukoni, haina sarafu ya kutumbukiza na hakuna chifu anayeiona.

Sheria mpya ya kamari ilitiwa saini Agosti 2025, imeunda hiyo ofisi yako, na inasema wazi aliye chini ya miaka 18 asicheze kamari. Naomba useme kwa maandishi kwamba koini iliyonunuliwa kwa shilingi ni shilingi. Ukishasema hivo, boksi la bahati na gurudumu la kuspini kwenye gemu ya watoto vitakuwa chini yako na utaweza kuzikataza kampuni kuviuza hapa Kenya. Wauze nguo, wauze bunduki, sawa, mtu aone kitu, aone bei kwa shilingi, alipe achukue. Mtu mzima anayetaka kubeti aende kwa wenye leseni, aonyeshe kitambulisho, huko mimi siingilii. Lakini chumba kimoja mtandaoni mtu wa miaka 30 na mtoto wa darasa la sita wanaspini gurudumu moja, hilo hapana mheshimiwa. Na ukae na watu wa pesa za simu pia, malipo ya gemu yasipite mara 28 siku moja bila mwenye laini kupigiwa hata simu moja tu, na wamuongeleshe kwa Kiswahili.

Yule mama nilimkopesha pesa ya viazi, anailipa kidogokidogo. Kijana sasa anamsaidia kumenya akitoka madrasa.

Mimi nafungua kila siku saa tisa mchana, Jumamosi asubuhi. Ukishuka feri, na ukija kwa miguu ni bure, uliza duka la gemu karibu na anayeuza viazi karai, utaonyeshwa. Keti kwenye benchi saa moja tu, usiseme wewe ni nani, utazame simu zao.

Wako,
mwenye duka la gemu, Likoni, Mombasa