Pastpepa sikutumii, chukua haya

Mwanangu,

Salama lakini? Huku Moshi baridi ya mwezi wa saba imekaza, mlima umejifunika wiki nzima, na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ndo hiyo inakuja.

Uliomba pastpepa za baiolojia na majibu yake. Sikunyimi ila nakujua, utakariri hayo majibu kama desa halafu lekchara akigeuza swali kidogo tu unaanza kutafuta sap, mtihani wa kurudia. Nakupa maswali tunayogombania huku Rau kwenye diskasheni, ukiweza kuyaeleza kwa mdomo basi topiki umeishika.

La kwanza. Jamaa yuko mzima, wazazi wake wazima, ila mdogo wake ana selimundu. Uwezekano wa jamaa kubeba hiyo jeni ni kiasi gani? Najua ushasema nusu, kila mtu anasema nusu. Chora basi, A ni jeni nzima na S ni ya selimundu, na kwa kuwa mdogo wake ni SS wazazi wote wawili ni AS, watoto wao wanaweza kuwa: AA, AS, SA, SS. Swali limeshakwambia jamaa ni mzima, kwa hiyo SS unaifuta, zinabaki tatu na mbili kati yake zinabeba, jibu ni 2/3. Hapo ndo unaona nani alisoma swali na nani alisoma topiki. Na usiishie hapo maana hili swali lina matumbo, jiulize ilianzaje: herufi moja tu ya DNA, A ikawa T (hii A sio ile ya AA), basi kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini asidi amino ya sita ikatoka glutamiki ikaingia valini, na valini haipendi maji ndo maana himoglobini ikikosa oksijeni zinashikana. Halafu sasa, jeni inayoua watoto mbona haijaisha? Mwanasayansi Allison alilijibu 1954 kwa kazi aliyofanya hukuhuku Afrika Mashariki, mwenye AS anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Yani swali moja limekupitisha jenetiki, baiokemia na evolusheni, we unataka nini tena.

La pili la nyumbani kabisa. Uhuru Peak, kilele cha Kilimanjaro, mita 5895, asilimia ya oksijeni hewani ni ngapi? Ni ileile 21 kama ya Dar aisee! Kinachoshuka ni presha ya hewa, kule juu inabaki kama nusu ya ile ya pwani, so oksijeni haisukumwi vizuri kuingia kwenye damu. Mtalii anaanza kuhema haraka, kaboni dioksaidi inatoka nyingi, pH ya damu inapanda, figo zinaanza kumwaga baikaboneti kusawazisha. Figo hizohizo zinatoa homoni ya kuamsha uboho utengeneze seli nyekundu, ila hilo linataka wiki na safari yake ni siku sita. Sasa niambie, kwa siku hizo sita kinachomwokoa ni nini hasa? Usiniandikie "mwili unazoea", hilo sio jibu, hata wagumu wanaobeba mizigo wanalijua.

Mimea siongei sana, hapo we ndo mkali. Eleza tu kwa nini jua likichoma mahindi yanatamba kuliko migomba, na usisahau kumtaja rubisco, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksaidi.

Ekolojia: 1962 nzi wang'ataji, Stomoxys, waliwaangusha simba wa kreta ya Ngorongoro wakabaki wachache mno, kama kumi hivi. Baadaye idadi ikapanda. Aina za jeni zilizopotea zenyewe mbona hazikupanda na idadi?

La mwisho sikupi jibu. Tuseme mahali fulani mtoto mmoja kati ya 100 anazaliwa na selimundu, wabebaji ni asilimia ngapi kwa Hardy-Weinberg, ile kanuni ya kukokotoa mgawanyo wa jeni kwenye kundi la watu, na kama mahali penyewe pana malaria ni sharti gani la hiyo kanuni limeshavunjwa? Nirekodie voisi usiandike, nataka nisikie unavyojikwaa, na tuma kabla ya Jumamosi maana siku hiyo chimbo letu la kusomea wanalifunga mapema.