Bajeti: Jumamosi tusikose mkutano wa kijiji

Wanakikundi mambo vipi, najua wengi mko mwaloni ila nisomeni kidogo. Daraja la Kigongo–Busisi tunalo tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, foleni ya kivuko tushaisahau, lakini ukiacha lami kuingia huku kwetu mvua ikinyesha boda anakwambia shuka utembee. Sasa hizi barabara ni za TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maombi yake hayaanzii Dodoma jamani, yanaanzia kwenye vipaumbele vya kijiji, yanapanda kata, halmashauri, ndo yanafika juu, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 kwahiyo tukiamka Juni imekula kwetu. Jumamosi saa 4 asubuhi, na mama zangu wa dagaa njooni tuulizie ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye 10% ya mapato yake.