Kilo 5 za wiki moja si mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme neno kuhusu simulizi na matangazo ya kupunguza uzito, ambayo sasa yamejaa kila mahali na hivi karibuni yamefika hata katika ukurasa wa afya wa gazeti lako. Mama mmoja alisimulia humo jinsi alivyopungua kilo 5 ndani ya siku 7 baada ya kuacha ugali, wali, chapati na soda, na mwandishi akaziita kilo hizo "mafuta yaliyoyeyuka". Simshuku mama huyo hata kidogo, kwani naamini mizani ilisoma hivyo. Ninachokipinga ni hilo neno "mafuta", kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, sehemu kubwa katika kliniki ya wagonjwa wa kisukari, na nimeona neno hilo moja likiwakatisha tamaa watu wengi kuliko njaa yenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini imebeba nishati ya takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo 5 ni kalori 38,500, ambazo ukizigawa kwa siku 7 unapata 5,500 kwa kila siku. Mwanamke mtu mzima asiyefanya kazi za sulubu hutumia kalori zinazokaribia 2,000 kwa siku. Hata angefunga wiki nzima bila kutia chochote kinywani isipokuwa maji, mwili wake ungechoma kalori 14,000 hivi, yaani mafuta yasiyofika kilo 2. Na mama yule hakufunga. Alikula mboga, mayai, samaki na maharage. Basi kilo nyingine zilikwenda wapi?

Mwili huweka akiba ya chakula mahali pawili, kama nyumba yenye debe la unga jikoni na magunia stoo. Magunia ni mafuta. Debe la jikoni ni glaikojeni, yaani wanga ambao mwili umeuhifadhi kwenye ini na misuli ili uutumie upesi, alfajiri kabla hujanywa chai au pale unapokimbilia daladala. Kwa mtu wa umbo la kati, ini hubeba takriban gramu 100 na misuli gramu 400 hivi. Nusu kilo inaonekana ndogo, lakini wanga huo haukai mkavu: kila gramu 1 hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji, kama unga uliokwisha kusongwa. Mtu anapopunguza chakula ghafla, na hasa anapoacha vyakula vya wanga, debe la jikoni ndilo linalokombwa kwanza, na katika siku chache za mwanzo sehemu yake kubwa huwa imetumika na maji yaliyoshikamana nayo yamekwenda chooni. Hapo peke yake kilo 1 na nusu, pengine hata 2, zinaweza kuondoka bila magunia kuguswa sana.

Kisha ipo chumvi. Tunapokula wanga, kongosho hutoa insulini, na mojawapo ya kazi za insulini zisizozungumzwa sana ni kuzifanya figo zizuie chumvi isitoke. Insulini ikishuka, figo huiachia chumvi, na maji huifuata. Ndiyo maana anayeanza mlo wa namna hii huamka usiku mara mbili tatu kwenda haja ndogo, huona pete imelegea kidoleni na viatu havibani tena jioni, na husema kwa furaha kwamba mafuta yameanza kutoka. Aliyeacha chipsi, soseji na vitafunwa vya pakiti ameacha pia chumvi nyingi iliyokuwa ikishikilia maji mwilini mwake. Utumbo nao una sehemu yake, kwani chakula kikiingia kidogo, kinyesi kilichomo njiani hupungua, na hicho kilikuwa kikihesabiwa na mizani kama kitu kingine chochote.

Sisemi kwamba mafuta hayapungui kabisa katika wiki hiyo. Yanapungua, huenda nusu kilo, huenda zaidi kidogo kwa mtu mwenye mwili mkubwa aliyejibana sawasawa. Lakini hayayeyuki, wala hayatoki kwa jasho kama wanavyodai wauzaji wa mikanda ya kufunga tumboni. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walieleza kwamba kilo 10 za mafuta zikichomwa zote mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa njia ya pumzi kama kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 zinazobaki hutoka kama maji. Wanaofuatilia ndondi hawahitaji kuelezwa sana jambo la jasho, maana wanajua bondia anavyojikausha maji ili afikie uzito siku ya kupimwa, na kesho yake anapanda ulingoni akiwa ameshazirudisha kilo kadhaa. Hakuna shabiki anayedhani kwamba bondia huyo alipoteza mafuta jana na kuyapata tena usiku.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye ameniruhusu kueleza habari zake. Alianza mlo wake siku ya Jumatatu akiwa na kilo 91.4, akaziandika katika daftari la watoto la mistari. Jumatatu iliyofuata alikuwa 87.6, na nyumba nzima ikashangilia. Wiki ya pili mizani ilisoma 87.1, na ya tatu 86.8. Alikuwa anakula vilevile, anatembea jioni vilevile, hakuiba hata andazi. Wiki ya nne ilikuwa na harusi ya mpwa wake, akala pilau na sambusa kama wageni wengine, na kesho yake mizani ikasoma 88.3. Alikuja kwangu na daftari mkononi, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Wifi, mwili wangu umekataa."

Nikamwomba tuhesabu pamoja. Kilo 1.5 za mafuta ni kalori 11,550. Sahani kubwa ya pilau yenye nyama tuiweke kalori 900. Ili apate mafuta hayo usiku ule, ingempasa ale karibu sahani 13 juu ya chakula chake chote cha siku. Hakula sahani 13. Alikula wali uliojaza debe lake la jikoni, wanga ukavuta maji yake, na chumvi ya pilau na ya kachumbari ikavuta mengine. Na zile kilo 4.6 alizokuwa amepungua katika wiki 3, huenda kilo 1 na nusu hivi zilikuwa mafuta hasa, nazo zilikuwa bado zimeondoka asubuhi ile ya baada ya harusi, ila zilifichwa na maji.

Hakunisikiliza, na simlaumu, maana alikuwa ameshaaminishwa kwamba mwendo wa kweli ni ule wa wiki ya kwanza. Alirudi kula kama zamani, na ndani ya siku 4 alikuwa na kilo 90. Akaamini kwamba mafuta yamemrudia kwa hasira. Akanunua chai ya kupunguza tumbo kutoka kwa mchuuzi mmoja, akapungua kilo 3 katika wiki moja, akaisifu kwa kila mtu. Wiki ya tatu chai ikawa "imemzoea". Akahamia kwenye kinywaji cha unga kilichouzwa kwa bei ambayo naona haya kuitaja, na wiki ya kwanza nayo ikamletea kilo 3. Mhariri, maji yale yale ameuziwa mara mbili baada ya kuyapata bure mara ya kwanza. Ndiyo maana matangazo haya huahidi siku 7 au siku 14, wala sijawahi kuona linaloahidi siku 90. Muuzaji hahitaji bidhaa inayofanya kazi, kwa sababu mnunuzi aliyepunguza chakula katika wiki hiyo atapungua hata kama pakiti ina majani ya mwembe.

Kuhusu chai hizo kuna la ziada. Nyingi huwa na sanamaki, majani ambayo watu wa pwani wameyatumia tangu zamani kama dawa ya kuendesha tumbo, na kwa kazi hiyo, kwa siku chache, yanafaa. Lakini sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, ambapo chakula hufika kikiwa kimeshanyonywa karibu nishati yake yote huko juu. Kinachotoka ni maji na madini, na miongoni mwa madini hayo ni potasiamu, ambayo moyo huitegemea ili upige kwa mpangilio. Mtu anayeinywa kwa miezi ili abaki na uzito wa chini anaukausha mwili wake kila siku na kuuita ukaukaji huo kukonda.

Kuna jambo jingine ambalo huwapata wale wanaovumilia hadi mwezi wa pili au wa tatu, nalo ni kwamba mafuta yanaweza kuendelea kutoka huku mizani ikiwa imesimama, kwa kuwa mwili umeshika maji. Hili limeonekana hata pale ambapo chakula kilipimwa kwa gramu. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa wiki 24 vijana 36 waliojitolea, ambao dhamiri zao zilikuwa zimewazuia kwenda vitani, ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini si kwa mwendo mmoja. Kasi ilikuwa kubwa mwanzoni na ikafifia kadiri wiki zilivyosonga, kwa kuwa mwili uliopungua hutumia nishati ndogo. Na wakati mafuta na misuli vikiisha, vifundo vya miguu yao vilivimba kwa maji, hivyo mizani ikaficha sehemu ya kile walichokuwa wamepoteza. Sitaji jaribio hilo ili mtu aliige, maana vijana wale waliteseka vibaya mwilini na akilini. Kwa wanawake lipo pia la kila mwezi: katika siku zinazotangulia hedhi wengi huongezeka kilo 1 au zaidi, kisha ikaondoka yenyewe. Mwanamke anayejipima mara moja tu kwa mwezi anaweza kuiona kilo hiyo akadhani ameharibu kazi yote.

Kliniki nimewafundisha watu wajipime asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, kwenye mizani ile ile, na walinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki, si Jumatatu na Jumatatu. Zaidi ya hapo wanunue futi ya fundi cherehani, wapime kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki 2, kwa sababu ikiwa kiuno kinapungua kwa miezi, mafuta yanapungua, hata mizani ikisema vinginevyo. Baada ya wiki mbili tatu za mwanzo, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na mwenye mwili mkubwa anaweza kufika kilo 1. Nimewaona waliopungua kilo 12 kwa mwaka kwa mwendo ambao hakuna gazeti lingeuona kuwa habari.

Na wapo ambao wiki ya kwanza si furaha kwao bali ni hatari. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari, akiacha wanga ghafla bila dozi yake kurekebishwa, sukari inaweza kushuka hadi akazimia, na nimewapokea wa namna hiyo, wengine wakiletwa na bodaboda wakiwa wameshikiliwa na ndugu. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka, kwa kuwa maji yanatoka kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Hawa wazungumze na daktari kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka. Simulizi ya gazeti lako haikuwa na hata sentensi moja kwa ajili yao.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkiandika tena habari ya mtu aliyepungua, andikeni uzito wake wa wiki ya kwanza mkipenda, lakini andikeni na wa mwezi wa tatu na wa mwaka mmoja, pamoja na kipimo cha kiuno chake, na kama miezi hiyo haijafika, habari isubiri. Wifi yangu anasoma gazeti hili kila Jumapili, na wiki iliyopita ameanza upya, kwenye ukurasa mpya wa lile daftari. Safari hii ameandika kilo 90.8, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, ameandika kiuno: sentimita 104.

Muuguzi mstaafu,
Tanga.