Shukrani kwa mzee wa Tororo aliyemsaidia Simba wangu

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Siku ile kando ya barabara ya Malaba sikukuuliza hata jina.

Mbwa wangu Simba alikuwa akichechemea wiki ya tatu, nasi nyumbani tukiamini ni bega. Nilikuwa karibu kumpa ibuprofeni yangu mwenyewe. Ukanikataza kwa ukali: dawa hiyo humuumiza mbwa tumbo na figo.

Ukaniambia nimtembeze polepole, wewe ukamtazama kichwa tu. Kila mguu wa mbele wa kushoto ulipokanyaga, kichwa kikainuka. "Ni huo," ukasema. Kisha ukachuchumaa kwenye vumbi, na magoti yako yale, ukatenganisha vidole kimoja kimoja. Kati ya viwili manyoya meupe yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu kwa kulambwa, na chini yake kijivimbe. Namwogesha kila Jumapili, sikuwahi kupaona!

Daktari wa mifugo alipopapasua, ukatoka mwiba wa mgunga, nusu ya njiti ya kiberiti.

Jana Simba amekimbiza kuku hadi kwa jirani. Asante sana, mzee. Mungu akuzidishie.