Barua kwa mwanangu anayekwenda Lisbon

Mwanangu mpendwa,

Tarehe zako nimeziona: unafika Lisbon Jumamosi asubuhi, unaondoka Jumatatu jioni. Hiyo Jumatatu ndiyo yenye mtego. Monasteri ya Jerónimos, Mnara wa Belém na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale vyote hufungwa siku hiyo. Geuza mpango wako: Belém, mtaa wa kando ya mto, Jumamosi, makumbusho Jumapili, katikati ya mji na ngome Jumatatu.

Kwanza nunua kadi ya Navegante kwenye mashine ya stesheni, uitie pesa kwa utaratibu wanaouita zapping. Kadi hiyo hiyo utaipandia treni, metro, tramu, basi na hata kivuko cha mto Tejo. Kila mtu na yake. Wewe na mwenzako hamwezi kugonga kadi moja mara mbili. Ukishaitia pesa za zapping, usijaribu kuipakia tiketi ya siku nzima juu yake kabla pesa hizo hazijaisha, itakataa.

Kwenda Belém panda treni ya Cascais kwenye stesheni ya Cais do Sodré, ni kama dakika 7. Soma ubao kabla ya kuingia, kwa kuwa treni za haraka hazisimami Belém. Tramu namba 15 nayo inafika, lakini hujaa pomoni.

Tiketi ya Jerónimos inunue mtandaoni mapema. Pale mlangoni, kanisa na ua wa ndani vina viingilio tofauti, kwa hiyo soma kibao cha foleni kabla hujajipanga. Kuna watu husimama muda mrefu kwenye foleni isiyo yao. Kibao cha kanisa kimeandikwa igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Litamke polepole utalisikia neno letu gereza, lile lile wanaloitia ngome ya Kilwa Kisiwani.

Ukishaingia kanisani, usikimbilie mbele kama wengine. Kaburi la Vasco da Gama liko hapo hapo karibu na mlango, kushoto, chini ya roshani ya kwaya. La mshairi Camões liko kulia. Gama ndiye aliyetia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498. Alifia Cochin, India, 1524, na mabaki yake yaliletwa humo 1880. Kisha tazama nguzo zilivyochongwa tangu chini hadi juu: zilihimili tetemeko la 1755. Kule mbele, majeneza ya mawe ya wafalme yamebebwa na tembo wa marumaru. Pesa za kujengea zilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki.

Mnara wa Belém uko mwendo wa dakika 20 kwa miguu, ukifuata mto. Kwa maoni yangu uzuri wake uko nje. Ndani ngazi ni moja, nyembamba, ya kuzunguka, watu hupanda na kushuka kwa zamu. Hata ukiukuta umefungwa kwa ukarabati usisikitike. Tafuta kifaru cha kuchongwa kwenye kitako cha kibanda cha mlinzi upande wa magharibi. Kimelika kwa upepo na chumvi, lakini kichwa bado kinatambulika. Kifaru mwenyewe aliletwa kutoka India 1515, mnara ukiwa bado unajengwa.

Jumatatu anzia Praça do Comércio, uwanja mkubwa wa kando ya mto. Kasri la mfalme lilikuwa hapo hadi asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, mishumaa ikiwaka makanisani. Ardhi ilitetemeka, mto ukapanda mjini, kisha moto ukala siku kadhaa. Mitaa iliyonyooka unayoiona nyuma ya uwanja ilijengwa upya baada ya hapo, na ndani ya kuta mafundi waliweka fremu za mbao zenye mihimili iliyopishana kama herufi X, ili nyumba inyumbuke badala ya kupasuka. Kutoka nje huzioni, zimefunikwa na plasta.

Hasara yenyewe utaiona Carmo: kanisa lisilo na paa, matao yamebaki yanaelea hewani kama mbavu. Hapo hufungwa Jumapili, Jumatatu ni wazi. Wageni hupanga foleni ndefu ya lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902 ili wapande huko, usiwafuate. Panda kwa miguu, utatokea pale pale daraja la lifti linapoishia.

Mchana nenda mtaa wa kale wa Alfama na Ngome ya São Jorge, ambayo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliwanyang'anya Waislamu 1147. Jina Alfama ni la Kiarabu, ndugu wa hamamu yetu. Tramu 28 inapita huko. Vibaka wanaijua kuliko wewe, basi simu na pochi weka mbele. Njia zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinang'aa, na mvua ikinyesha ni kama vimepakwa sabuni. Vaa viatu vya soli ya mpira, hasa wakati wa kushuka.

Jumapili nimeiacha mwisho makusudi. Shuka stesheni ya Santos, panda hadi Rua das Janelas Verdes, na ukiingia kwenye makumbusho muulize mlinzi Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe: dhahabu na enameli, Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na sura yake. Mwaka 1502 Gama alielekeza mizinga Kilwa na kumlazimisha Amiri Ibrahim kulipa ushuru wa mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu). Dhahabu ya Kilwa ndiyo iliyofuliwa kuwa chombo hicho.

Usiridhike na maelezo ya ukutani. Inama utazame kwenye kitako: kuna maandishi yanayozunguka, yanayosema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, kikakamilika 1506. Maneno yamefupishwa, na herufi U imeandikwa V, ndiyo maana wengi hupitwa. Neno unalolitafuta ni jina la Kilwa, nalo linaanza na herufi Q. Kioo hurudisha mwanga, kwa hiyo simama pembeni kidogo, zima flashi, unipigie picha ya hilo neno.

Mama yako