Shukrani kwa mzee wa kanzu ya kijivu, Kariakoo

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jumamosi ulinikuta nimechuchumaa kando ya pikipiki ya marehemu baba, Honda C70, cheni mpya ya pili mkononi, nayo inayumba kwenye meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) kama ya kwanza. Uliomba kitambaa na mafuta ya taa, ukasugua pingili ya cheni kuukuu ya pikipiki mpaka namba ya saizi, 420, ikaonekana. Kumbe nilikuwa nauziwa 428! Ukanielewesha: pini za zote mbili zimeachana milimita 12.7, ndiyo maana inaingia. Upana wa ndani ndio tofauti, 6.35 kwa 7.94. Ukahesabu meno ya sproketi zote mbili, ukayaona yamepinda kama kulabu, ukanikataza kufunga cheni mpya juu yake. Mafundi wengine, nanyi msituchoke hivyo hivyo. Hela ulikataa katakata. Kahawa ulikubali, kikombe kimoja tu.